Mtihani wa Chuo na Siku ya Mwisho: Hoja Kutoka Ujiji

Msimu wa mitihani una mahubiri yake katika vikundi vya maombi vya wanafunzi. Mhubiri husema mtihani wa chuo ni kivuli cha ule wa siku ya mwisho: asiyejiandaa atafungiwa nje kama wanawali watano wapumbavu. Nia ni njema, lakini mafundisho hayo yana kasoro ya kiteolojia na yanamwumiza mwanafunzi.

Mchukue mwalimu wa shule ya msingi wa Mwandiga anayesoma Chuo Kikuu Huria. Mchana anasahihisha madaftari ya watoto, usiku anapambana na madesa, akisubiri kwenda kufanyia mtihani kituo cha Kigoma mjini. Tayari anaogopa sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukimwambia karatasi ile ni mfano wa hukumu ya Mungu, akifeli atajiona amekataliwa mara mbili.

Historia ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika inapinga mahubiri hayo. Mapadri Weupe walifika Ujiji Januari 1879. Mwanzilishi wao, Lavigerie, aliagiza mkatekumeni afundishwe na kupimwa kwa miaka minne kabla ya ubatizo. Masharti hayo yalikuwa makali kuliko ya vyuo vingi vya leo. Hata hivyo, aliyekuwa akikata roho alibatizwa papo hapo, ijapokuwa alijua machache tu. Mwisho ulipokaribia, Kanisa halikukaza mtihani, bali liliulegeza. Wala hapakuwa na ukiukaji wa kanuni, kwa sababu kipimo kile kilikuwa cha kumwandaa mtu kuishi Kikristo. Kustahili mbele za Mungu kulitoka kwingine, kwenye neema.

Wapo wanaopotoka upande wa pili: kama mwisho u karibu, shule ya nini? Paulo aliwakemea Wathesalonike walioacha kazi kwa fikra kama hiyo. Shakahola, Kenya, ambako mhubiri wa mwisho wa dunia aliilaani elimu ya shule, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023.

Mfano ulio bora nauona kwa Wasabato. Kila siku wanangoja kurudi kwa Kristo, na bado wamejenga shule, na hapa kwetu Kigoma hospitali ya Heri, Buhigwe. Nchini Uganda, wanafunzi watatu wa kanisa hilo walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kuweka masomo na mitihani Jumamosi, siku yao ya Sabato. Walishindwa Mahakama ya Katiba mwaka 2003, wakashindwa tena Mahakama ya Juu mwaka 2006. Nawaheshimu kwa hili: walitaka kufanya mtihani, ila siku nyingine. Waliuthamini bila kuuabudu.

Ndugu wachungaji na walezi wa wanafunzi wa Kigoma, waacheni wanawali kumi wangoje hadi matokeo yatoke. Kwa sasa wahubirieni vijana pumziko, wapate kulala. Na mwalimu yule wa Mwandiga akipata sapu, mchangieni nauli ya kurudi kituoni.