Fatehpur Sikri: Tujitayarishe Mbele ya Kwenda

Inchi ya Uhindi ina miji mingi ya wafalme wa zamani. Leo tunapenda kuwaonyesha mmoja tu, Fatehpur Sikri, ulio karibu kilometa 37 kutoka Agra. Wengi wanaokwenda Agra kutazama Taj Mahal hupita huko mbiombio, wanapiga picha, wanarudi. Wameona mawe mekundu mazuri, lakini hawajui walichoona. Kwa hiyo anayefikiri kufanya safari hii, atayarishe kichwa mbele ya kufunga mizigo.

Habari yenyewe ndiyo hii. Mfalme Akbar alizaliwa mwaka wa 1542, akashika ufalme mwaka wa 1556, angali kijana wa miaka 13. Mali alikuwa nayo, majeshi pia. Lakini watoto wake walikufa wangali wachanga. Basi, katika kijiji cha Sikri, juu ya kilima cha mawe, alikaa mzee mmoja Mwislamu, jina lake Salim Chishti, mtu wa sala asiyetafuta mali. Mfalme alimwendea, naye mzee akamwambia ya kwamba atapata wana. Mwezi wa Agosti 1569 mtoto mwanamume alizaliwa kulekule Sikri. Akaitwa Salim, kwa jina la mzee. Ndiye aliyetawala baadaye na kujulikana kama Jahangir.

Kwa shukrani, Akbar akaamua kuhamishia kiti chake cha ufalme kijijini. Kazi ilianza mwaka wa 1571. Baada ya kushinda inchi ya Gujarat mwaka wa 1573, mji ukaitwa Fatehpur, maana yake mji wa ushindi. Mwingereza Ralph Fitch, aliyefika mwaka wa 1585, aliandika ya kuwa Agra na Fatehpur ni miji mikubwa, kila mmoja kupita London.

Mwaka wa 1575 Akbar alijenga nyumba ya mazungumzo, kusudi wenye elimu ya dini wajadiliane mbele yake. Kisha akatuma watu mpaka Goa kuomba mapadri. Wayezuiti watatu walifika mwaka wa 1580: Rudolf Acquaviva, Antonio Monserrate na Francisco Henriques. Walimpa mfalme Biblia ya lugha nyingi, iliyopigwa chapa na Plantin mjini Antwerpen, huko Ubelgiji. Akbar alivishika vitabu kimoja kimoja, akavibusu, akaviweka juu ya kichwa chake. Tena alimpa padri Monserrate mwanawe Murad amfundishe. Alisikiliza sana, aliuliza sana, lakini hakubatizwa. Padri Acquaviva alirudi Goa mwaka wa 1583, akauawa mwaka uleule huko Cuncolim. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka wa 1893.

Na mji? Mwaka wa 1585 Akbar aliondoka kwenda Lahore, akakaa huko hata mwaka wa 1598. Wengi husema maji ndiyo yaliyomfukuza. Ni kweli kwamba maji yalikuwa shida, na mwaka wa 1582 ukingo wa ziwa la mji ulibomoka. Lakini kulikuwa na sababu nyingine nzito: ndugu yake aliyetawala Kabul alikufa mwaka wa 1585, na mfalme alitaka kulinda mipaka ya upande ule. Mji uliojengwa kwa ajili ya mfalme ulikosa kazi mfalme alipoondoka. Miaka 14 tu, kazi kubwa namna ile!

Sasa tufanye mpango. Tuchague miezi ya Oktoba hadi Machi, maana Mei na Juni jua ni kali, mawe yanachoma. Tuingie asubuhi upande wa majumba ya kifalme. Tutaona Panch Mahal, jengo la ghorofa tano lililosimama juu ya nguzo nyingi, na chumba chenye nguzo moja kubwa katikati. Kila kitu kimechongwa vizuri ajabu, lakini hakuna anayekaa humo.

Kisha twende msikitini. Hapo tutavua viatu. Katika uwanja wake kuna kaburi la Salim Chishti, la marumaru nyeupe. Kumbe hapa hapakuachwa hata siku moja! Watu wanakuja, Waislamu na Wahindu, wanafunga nyuzi katika madirisha ya mawe, wengi wakiomba kupata mtoto kama Akbar alivyoomba. Ikulu ya tajiri ni tupu, kaburi la maskini limejaa watu.

Mwisho tutoke kwa mlango mkubwa, Buland Darwaza, wenye karibu mita 54 ukihesabu pamoja na ngazi. Ni mlango wa ushindi, lakini tusimame tutazame maandishi yake ya Kipersi. Yanamtaja Yezu, Mwana wa Maria, kwamba alisema ulimwengu ni daraja: mtu avuke, asijenge nyumba juu yake. Neno hilo halimo katika Injili; linatoka katika mapokeo ya Waislamu. Mfalme aliliandikisha mwaka wa 1601, wakati ambapo majumba yale yalikuwa yameachwa tayari. Anayeshuka ngazi zile akijua hayo, hakupoteza nauli yake.