Ufunguzi wa bao la kiswahili

Ufunguzi katika bao la kiswahili ni zamu za kwanza za namua, hatua ya kuingiza kete za mkononi ubaoni. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika shimo liitwalo nyumba, 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kulia, na 22 mkononi. Kwa kuwa hakuna kete zinazokabiliana, anayeanza hawezi kula, hivyo hulazimika kutakata, yaani kusambaza kete bila kula. Ana njia nne: mashimo mawili yenye kete 2, kila moja kushoto au kulia. Akienda kulia, mpinzani naye hukosa cha kula. Akienda kushoto, humfungulia mtaji, yaani nafasi ya kula, papo hapo.