Wajumbe wa Mutesa na njia ya Ziwa

Kageye ni kijiji cha wilaya ya Magu, kando ya Ghuba ya Speke, mashariki ya jiji la Mwanza. Mgeni anayefika huko husimuliwa habari za biashara ya watumwa na za Henry Morton Stanley, aliyetua hapo tarehe 27 Februari 1875 akitokea Bagamoyo, safari iliyochukua zaidi ya siku 100. Habari hizo ni za kweli. Lakini enzi za mtawala wake Kaduma, Kageye ilikuwa pia mahali pa kupokelea barua na wajumbe waliokwenda na kutoka Buganda, na upande huo wa historia yetu tumeuacha ulale mno.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Mutesa wa Kwanza, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, alikuwa na sababu ya kutafuta marafiki wa mbali. Khedive Ismail wa Misri alikuwa akisogeza vituo vyake vya askari kwenye Mto Nile, kila mwaka karibu zaidi na Buganda. Kutoka Pwani, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walimletea nguo, bunduki na dini ya Kiislamu. Mutesa alikwisha kutuma watu wake na pembe za ndovu hadi kwa Sultani wa Zanzibar. Stanley alipomweleza habari za Uingereza, aliona mlango mwingine.

Hapo ndipo anapoingia Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Waingereza huko Unguja, ambaye Stanley alimwacha kwa Kabaka mwaka 1875. Huyu akawa mwandishi wa barua za Mutesa. Wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society walipofika Kageye mwaka 1877, waliletewa kusini mwa ziwa barua za Kabaka kwa mwandiko wa Dallington, zikiwahimiza wavuke upesi. Kwa maoni yangu, kijana huyu alikuwa katibu wa kwanza wa mambo ya nje katika nchi za Ziwa, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho.

Njia ya kusini ilikuwa na hatari zake. Desemba 1877, wamisionari Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe walipoingia katika ugomvi wa Mtemi Lukonge na Songoro, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyeunda jahazi kisiwani humo. Songoro naye aliuawa. Kundi la wamisionari lililofuata lilipita Nile, likafika Februari 1879 na barua ya Lord Salisbury, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwa Kabaka.

Barua ya waziri ilitaka jibu, na Mutesa alijibu kwa kutuma watu. Juni 1879 waliondoka Namkaddi, Kataruba na Sawaddu, wakiandamana na wamisionari Wilson na Felkin. Hawakuwa wakubwa wa baraza. Wengine wamelitazama jambo hilo kama dharau kwa Malkia wa Uingereza. Mimi naliona kama tahadhari ya mfalme aliyetaka kwanza kujua ukweli wa aliyoambiwa, kabla ya kuwahatarisha watu wake wazito. Walipita Darfur na Kordofan hadi Khartoum, wakakata jangwa hadi Suakin kwenye Bahari ya Shamu, wakapanda meli. Tarehe 14 Mei 1880, katika jumba la Buckingham, walisimama mbele ya Malkia Victoria. Salisbury mwenyewe hakuwa tena wizarani, kwa kuwa serikali yake ilikuwa imeanguka majuma machache nyuma.

Fikiria uzito wa safari hiyo. Walikuwa wamekaa njiani karibu mwaka mzima, katika nchi ambazo lugha zao hawakuzijua, wakitegemea tafsiri za wenyeji wao. Miaka 40 kabla yao, Ahmad bin Naaman alifika New York kwa merikebu ya Seyyid Said, akiwa mjumbe wa Sultani, na picha yake ya rangi ingalipo. Watoto wa Zanzibar wanamjua. Namkaddi na wenzake wanastahili nafasi kama hiyo katika vitabu vya shule za nchi zote zinazopakana na ziwa.

Walirudi kwa upande huu wetu. Wakapita Zanzibar, wakapanda bara na msafara wa wamisionari O'Flaherty na Charles Stokes, wakamfikia Kabaka Machi 1881. Mutesa sasa alikuwa na watu wake mwenyewe waliokwisha kumwona Malkia kwa macho yao.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Mwanawe Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888, alikimbilia kusini mwa ziwa: kwanza Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu, kisha Bukumbi, misheni ya Mapadre Weupe karibu na Mwanza. Mwaka 1889 Stokes alimrudisha kwa jahazi kwenda kupigania kiti chake.

Alipokuwa amekirudia, alijikuta kati ya Mjerumani Carl Peters na kampuni ya Waingereza, kila upande ukimtaka atie saini. Mwaka 1890 akatuma wajumbe wawili Pwani kuuliza ukweli wa mambo: Samwiri Mwemba, Mprotestanti, na Victor Senkezi, Mkatoliki, ili kila upande wa baraza uwe na masikio yake. Wakati wao wakitembea, mnamo tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba Berlin. Mpaka ulipitishwa ndani ya ziwa, kwenye nyuzi moja kusini ya Ikweta. Mwanza na Ukerewe zikawa za Ujerumani, Buganda ikawa ya Uingereza. Wajumbe walirudi nyumbani mwaka 1891 na kumkuta Kapteni Lugard wa kampuni ile ya Waingereza yupo Kampala, na Mwanga amekwisha kusainishwa mkataba tarehe 26 Desemba 1890, kabla hajasikia jibu lao.