Waliotweka Tanga Kinyume cha Upepo

Kwa muda mrefu wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba Wapolinesia waliletwa visiwani mwao na bahati: mtumbwi umepotea, upepo umeusukuma, mawimbi yameutema ufukweni. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwei alipanda chelezo huko Peru, akachukuliwa na maji siku 101 hadi Polinesia, akadai mababu zao walitokea Amerika.

Lugha inamkana. Tano huitwa lima Hawaii, lima kwa Wamalai, na dimy hapo Madagaska kwa jirani zetu. Ukoo wa lugha hizo ulitoka upande wa Taiwan, ukafika Tonga yapata miaka 2,800 iliyopita. Visiwa vya Hawaii, Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) na Aotearoa (New Zealand) vikakaliwa kati ya mwaka 1000 na 1300 hivi.

Tena upepo wa kule huvuma zaidi kutoka mashariki, nao walikuwa wakienda mashariki. Nahodha alingoja siku chache upepo unapogeuka, ndipo akatweka. Asipoona nchi, upepo wa kawaida ungemrudisha nyumbani. Hiyo ni hesabu, si ajali.

Chombo chao kilikuwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi kama mtepe wa Lamu. Nahodha alikariri kila nyota inapochomoza na inapotua. Mawingu yakifunga anga, alilisoma wimbi. Hata katika karne ya ishirini, Mau Piailug, nahodha wa Satawal, kisiwa cha Mikronesia, alipokuwa mdogo babu yake alimweka ndani ya vidimbwi vya pwani ili mwili wake uzoee maji yanavyovuta. Ukubwani alilala chini chomboni, akahisi wimbi linatoka wapi.

Mwaka 1769 Tupaia, nahodha wa kisiwa cha Ra'iatea, alipanda meli ya Mwingereza James Cook, wakachora ramani ya visiwa kadhaa wa kadhaa alivyovihifadhi kichwani. Baadaye, chini ya wakoloni na wamisionari, elimu hiyo ilikaribia kufa Polinesia.

Ndiyo maana safari ya mwaka 1976 inanigusa sana. Hōkūle‘a, nakala ya vyombo hivyo vya kale, iliondoka Hawaii bila dira, Mau akiiongoza, na baada ya mwezi mmoja na siku chache ikaingia Papeete, Tahiti, ambako maelfu waliisubiri. Kisha Mau akamfundisha kijana wa Kihawaii, Nainoa Thompson. Kabla ya Nainoa mwenyewe kuongoza safari ya Tahiti mwaka 1980, Mau alimwambia aonyeshe kisiwa hicho kilipo. Nainoa akaelekeza kidole. Mau akamuuliza kama anakiona kisiwa. Akajibu kwamba kwa macho hakioni, ila akilini anakiona.