Picha za kihistoria za waigizaji na waandishi wa Serbia

Picha za kihistoria za waigizaji na waandishi wa Serbia ni picha za watu zilizopigwa studioni, hasa kati ya miaka ya 1840 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914-1918). Nyingi zilipigwa katika miji ya Belgrade, Novi Sad na Vienna. Kwa waandishi, picha hizo huonyesha sura za watu ambao maandishi yao bado yanasomwa. Kwa waigizaji wa zamani hizo zina uzito zaidi: sauti na miondoko yao haikurekodiwa, hivyo picha ni kati ya mabaki machache ya kazi yao.

Mwanzo
Upigaji picha ulitangazwa kwa umma mjini Paris mwaka 1839. Wakati huo Serbia ilikuwa utemi wenye kujitawala chini ya Milki ya Osmani, na Waserbia wengi waliishi ng'ambo ya mito Sava na Danubi katika Dola la Austria. Vienna ilikuwa mji ambako vitabu vingi vya Kiserbia vilichapishwa na ambako vijana walipelekwa kusoma.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Anastas Jovanović (1817-1899), mzaliwa wa Vratsa katika Bulgaria ya leo. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha serikali mjini Belgrade, kisha mwaka 1838 akapelekwa Vienna kwa gharama za serikali ili ajifunze uchongaji na uchoraji. Huko alikutana na ufundi mpya wa picha, naye huhesabiwa kuwa mpiga picha wa kwanza wa Kiserbia. Alitumia hasa kalotipi, yaani mbinu ya Mwingereza William Henry Fox Talbot iliyotumia negativi ya karatasi. Tofauti na dagerotipi, ambayo ilitoa picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, negativi moja ya kalotipi iliweza kutoa nakala nyingi.

Mwaka 1851 Anastas alimpiga picha Petar II Petrović-Njegoš, askofu, mtawala wa Montenegro na mshairi. Njegoš alifariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 37. Anastas alimpiga picha pia Vuk Karadžić (1787-1864), mtaalamu aliyerekebisha maandishi ya Kiserbia na kukusanya nyimbo za wananchi, pamoja na mshairi Milica Stojadinović, aliyejulikana kama Srpkinja, maana yake "Mserbia wa kike". Milica alifariki Belgrade mwaka 1878 akiwa fukara na karibu amesahauliwa.

Anastas alitumia baadhi ya picha zake kama msingi wa lithografia, yaani picha zilizochapwa kutoka kwenye jiwe. Kwa njia hiyo sura za watu mashuhuri zilifika katika nyumba za watu wengi. Baadaye alisimamia jumba la mtemi Mihailo Obrenović.

Studio na kadi
Katika miaka ya 1850 negativi za kioo zilianza kuchukua nafasi ya zile za karatasi. Picha zilichapwa juu ya karatasi nyembamba iliyopakwa ute mweupe wa yai na chumvi ya fedha, kisha zikagandishwa juu ya kadi ngumu. Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alisajili hataza ya kadi ndogo ya takriban sentimita 6 kwa 10. Katika miaka ya 1860 ilifuata kadi kubwa zaidi, ya takriban sentimita 11 kwa 17. Kadi hizo zilikuwa nafuu kuliko picha ya kuchorwa. Watu walizibadilishana, wakazituma kwa barua na kuzipanga katika albamu. Katika albamu moja picha za ndugu na jamaa ziliweza kukaa pamoja na za wafalme, washairi na waigizaji.

Studio nyingi zilikuwa na paa au ukuta wa kioo ili kupata mwanga wa jua. Mteja alikaa au kusimama mbele ya pazia lililochorwa mandhari, akitakiwa kutulia bila kutikisika. Kwa ajili hiyo mara nyingi kichwa kiliegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma. Utulivu mkali unaoonekana usoni mwa watu wa zamani hutokana kwa sehemu na sharti hilo.

Mpiga picha mashuhuri wa kipindi kilichofuata ni Milan Jovanović (1863-1944), mzaliwa wa mji wa Vršac. Baba yake alikuwa mpiga picha, na kaka yake Paja Jovanović (1859-1957) alikuwa mchoraji maarufu. Milan alifungua studio Belgrade mwaka 1887, akawa mpiga picha wa ikulu. Pamoja na familia za kifalme, alipiga picha za waandishi na za waigizaji wa Jumba la Taifa la Maigizo.

Waigizaji
Jumba la Maigizo la Taifa la Waserbia lilianzishwa Novi Sad mwaka 1861. Jumba la Taifa la Maigizo la Belgrade lilianzishwa mwaka 1868, na jengo lake lilifunguliwa mwaka 1869. Kuanzia hapo uigizaji ukawa kazi ya kudumu, na waigizaji wakawa watu wanaotambulika mitaani.

Kati yao walikuwa Milka Grgurova (1840-1924), aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi. Toša Jovanović (1845-1893), aliyeigiza Belgrade na Zagreb. Vela Nigrinova (1862-1908), Mslovenia kutoka Ljubljana aliyekuwa nyota wa jukwaa la Belgrade. Na Ilija Stanojević (1859-1930), mchekeshaji aliyeitwa kwa upendo "Čiča Ilija", yaani "Mzee Ilija".

Mwigizaji aliweza kupigwa picha kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza alivaa nguo zake za kawaida, kama raia mwenye heshima. Katika namna ya pili alivaa mavazi ya mhusika na kuonyesha pozi la tamthilia. Picha za namna hii hazikupigwa wakati wa maonyesho, kwa sababu mwanga wa jukwaani ulikuwa hafifu mno kwa kamera za wakati huo. Mwigizaji alikwenda studioni na mavazi yake, akarudia tendo moja na kulishikilia. Kwa hiyo picha hizo ni ushahidi mzuri wa mavazi, nywele na vipodozi, lakini haziwezi kuthibitisha jinsi mchezo ulivyochezwa.

Mwaka 1911 Stanojević aliongoza filamu kuhusu Karađorđe, kiongozi wa uasi wa Waserbia dhidi ya Waosmani mwaka 1804. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ndefu ya kuigizwa ya Serbia. Ilipotea kwa miongo mingi hadi ilipopatikana Vienna mwaka 2003. Toša Jovanović na Vela Nigrinova walikuwa wamefariki kabla ya filamu hiyo kutengenezwa.

Waandishi
Waandishi wengi walihusika pia na maigizo. Laza Kostić (1841-1910) aliandika tamthilia na kutafsiri kazi za Shakespeare. Branislav Nušić (1864-1938) aliandika vichekesho vinavyochezwa hadi leo. Jovan Jovanović (1833-1904), daktari na mshairi aliyejulikana zaidi kwa jina la Zmaj, yaani "Joka", alipendwa hasa kwa mashairi yake ya watoto. Picha za waandishi kwa kawaida ni za utulivu zaidi kuliko zile za waigizaji: koti jeusi, ndevu zilizotunzwa, na wakati mwingine kitabu mkononi.

Matatizo ya utambuzi
Kosa la kawaida hutokana na majina. Anastas Jovanović, Milan Jovanović, Toša Jovanović na Jovan Jovanović Zmaj hawakuwa familia moja. Jovanović, maana yake "wa Jovan", ni kati ya majina ya ukoo yaliyoenea sana nchini Serbia. Aidha, jina lililochapwa chini ya picha au nyuma ya kadi kwa kawaida ni la mpiga picha au studio, si la mtu anayeonekana. Kadi yenye maneno "M. Jovanović" haionyeshi sura ya Milan Jovanović.

Tarehe nazo huhitaji uangalifu. Negativi iliweza kutumika tena baada ya miaka mingi, hasa mtu mashuhuri alipofariki na nakala zake kutafutwa. Maandishi ya mkono nyuma ya kadi yanaweza kuwa ya mmiliki wa baadaye. Watafiti hulinganisha ukubwa wa kadi, anwani ya studio, mavazi, na matangazo ya maonyesho ya wakati huo.

Uhifadhi
Belgrade ilishambuliwa kwa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kwa mabomu ya ndege za Ujerumani tarehe 6 Aprili 1941. Siku hiyo Maktaba ya Taifa iliteketea pamoja na hati zake za kale. Kwa kuwa kadi za picha zilikuwa zimesambaa katika nyumba na miji mingi, nakala moja iliweza kusalimika hata kama nyingine iliungua.

Leo mkusanyo muhimu wa kazi za Anastas Jovanović umo katika Makumbusho ya Jiji la Belgrade. Makumbusho ya Sanaa za Maigizo ya Serbia, yaliyoanzishwa Belgrade mwaka 1950, huhifadhi picha, mavazi na matangazo ya maonyesho ya zamani. Vitu hivyo vikisomwa kwa pamoja, picha inaweza kurudishiwa jina la mwigizaji, mhusika aliyemwigiza, na pengine hata mwaka aliosimama mbele ya kamera.