Kuta za Greensted Zina Umri Gani?

Kaskazini-mashariki ya London, katika Essex, kuna kanisa dogo la parokia liitwalo Greensted. Kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, upande bapa ndani, mgongo nje. Simulizi inadai kwamba mwaka 1013 ulilazwa humu mwili wa mfalme mtakatifu aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, ukirudishwa Suffolk kutoka London. Je, magogo haya yalikuwapo usiku huo?

Nilianzia kwenye maandishi. Hati ya kale ya Kilatini inasema msafara ulipumzika karibu na Ongar, na kikanisa cha mbao kikabaki hapo kwa kumbukumbu ya mfalme. Greensted haitajwi. Ongar ni mwendo mfupi tu kwa miguu, hivyo dhana ina mashiko, lakini dhana si ushahidi. Miti yenyewe inasemaje?

Mwaka 1960 watafiti walihesabu pete za magogo wakapata takriban mwaka 845. Simulizi ikapata nguvu. Mwaka 1995 upimaji ulirudiwa, na miti ikaonekana ilikatwa nusu ya pili ya karne ya 11. Naukubali upimaji wa pili, maana mwaka 1960 mbinu hiyo ilikuwa bado changa. Kama ni hivyo, mwili ulilala chini ya paa gani?

Nikageukia ardhi. Chini ya sehemu ya madhabahu, wachimbaji walikuta alama za majengo mawili ya mbao yaliyotangulia. Zinathibitisha kwamba mahali hapa ni pa zamani kuliko kuta, ila hazimtaji mfalme. Nilipotazama miguu ya magogo, njia ikafungwa: ukarabati wa mwaka 1848 ulikata ncha zilizooza na kuyaweka juu ya msingi wa matofali. Na lile tundu dogo ukutani, ambako watu wenye ukoma husemekana walipokea baraka wakiwa nje, nalo tuliamini?

Siliamini. Liko kando ya mlango wa awali, mahali panapofaa kuweka maji ya baraka. Hukumu yangu ni hii: mfalme huenda alipita hapa, lakini hakulala ndani ya kuta hizi. Hata hivyo, hakuna kanisa la mbao lililosimama Uingereza lenye umri kuzishinda. Ukifika Greensted, chunguza magogo kwanza, ndipo usikilize simulizi.