Nyumba iliyosheheni vitu: Jinsi ya kupima hatari zake

MNAMO Machi 21, 1947, polisi wa jiji la New York, Marekani, waliarifiwa kwa simu kwamba kulikuwa na maiti katika nyumba moja mtaani Harlem. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa kwa marundo ya vitu, na ikabidi askari apenye kupitia dirisha la ghorofani. Ndani alipatikana Homer Collyer, mzee kipofu aliyepooza, amekufa kwa njaa na maradhi ya moyo.

Nduguye Langley, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha, hakuonekana. Alisakwa hata nje ya jiji. Mwili wake ulipatikana Aprili 8, mita tatu hivi kutoka mahali alipofia Homer, umefukiwa na vitu vilivyomporomokea aliponaswa na mtego aliouweka mwenyewe ili kuwazuia wezi. Langley ndiye aliyetangulia kufa. Homer akabaki bila wa kumpa hata maji. Zaidi ya tani 100 za vitu zilitolewa humo, zikiwemo piano 14, na nyumba ikabomolewa mwaka huohuo.

Wazima moto wa mashariki mwa Marekani wangali wanaziita nyumba za namna hiyo kwa jina la ndugu hao. Kisa chao kinadhihirisha jambo ambalo mkaguzi asiye na uzoefu hulisahau. Macho huvutwa na uchafu na pua huvutwa na uvundo, ilhali hatari iliyo karibu zaidi huenda ikawa ni njia iliyozibika.

Ulimbikizaji wa kupindukia uliingizwa mwaka wa 2013 katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kama ugonjwa unaojitegemea. Shirika la Afya Duniani nalo liliutambua katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Mgonjwa huhisi uchungu wa kweli anapotakiwa kuachana na vitu, hata visivyo na thamani machoni pa wengine. Anayerundika vyuma kuukuu kwa ajili ya biashara hahesabiwi kuwa mgonjwa, ingawa moto haubagui.

Ili kuepuka ubishi kuhusu vitu "vingi" ni vingapi, mtafiti Randy Frost na wenzake walichapisha mwaka wa 2008 kipimo cha picha tisa kwa kila chumba: sebule, jikoni na chumba cha kulala. Picha ya kwanza ni ya chumba kitupu kiasi. Ya tisa ni ya chumba kilichojaa karibu kufika dari. Chumba kinachofanana na picha ya nne au zaidi huashiria tatizo linalohitaji msaada.

Picha, hata hivyo, hazitoshi. Mkaguzi hufungua kila mlango aone kama unafunguka wote, kisha hufuata njia kutoka kitandani hadi nje na kujiuliza: je, machela ingepita hapa? Hutazama nyaya zilizolaliwa na mizigo, na karatasi au nguo zilizo chini ya mita moja kutoka kwenye jiko au kitu chochote chenye joto kali. Utafiti uliofanywa Melbourne, Australia, kuhusu miaka kumi hadi 2009 ulibaini kwamba nyumba za aina hii zilichangia robo tu ya asilimia moja ya visa vya moto majumbani, lakini asilimia 24 ya vifo vilivyoweza kuzuilika.

Uzito nao husahaulika. Magazeti yaliyopangwa yakafikia ujazo wa mita moja kila upande yanaweza kukaribia nusu tani, na maji ya wazima moto yakiyalowesha, kila lita huongeza kilo moja. Sakafu iliyobonyea, nyufa mpya, au mlango ulioanza kukwama ni dalili za kumwita mhandisi kabla ya mtu mwingine kuingia.

Kwa upande wa afya, kuvu huwasumbua wenye pumu, mkojo wa panya hueneza homa ya leptospira, nao mkojo wa wanyama wengi waliofungiwa ndani hutoa amonia inayochoma macho na mapafu. Glavu, barakoa na viatu vigumu ni lazima kwa mkaguzi. Vilevile, huuliza ni nani anayelala humo: mtoto, mgonjwa au mzee asiyeweza kujinasua huifanya hatari ndogo kuwa kubwa.

Kosa kubwa ni kuleta lori na kufagia kila kitu mwenyewe akitazama. Vitu hurudi, na imani kwa wasaidizi hupotea. Kinachofaa ni kukubaliana naye kuhusu sehemu chache za kuanzia, yaani mlango, njia ya kitandani na pembezoni mwa jiko, kisha kurejea baada ya majuma machache na kupima upya kwa picha zilezile.